Simu Niliyompigia Mama Asiye Wangu

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa mbele ya meza ya mwalimu mkuu, kalamu mkononi, natia saini ahadi ya mistari minne. Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, nifupishe. Shuleni naitwa Kasuku. Naweza kuiga sauti ya mtu yeyote nikimsikiliza dakika mbili. Kwa kipaji hicho nilishika spika ya bwenini nikatangaza likizo ya siku tatu kwa sauti ya mwalimu mkuu mwenyewe, na wanafunzi arobaini na wawili wakafika kituo cha basi na masanduku yao kabla hawajarudishwa mbio.

Wao walirudishwa shuleni. Mimi nilirudishwa nyumbani, wiki mbili.

Ahadi niliyotia saini siku niliyorudi ilisema: "Sitatumia tena sauti ya mtu mwingine kwa jambo lolote." Nilitia saini kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika. Ahadi hiyo iliishi siku tisa. Mungu ailaze mahali pema.

Siku ya kumi ilikuwa Jumanne, na mwalimu wa sanaa alitupeleka kwenye jumba la sanaa.

Mwalimu huyu ni mtu mwema, na ndiyo maana sehemu hii naiandika kwa shida. Wenzake wote walinipokea kwa hotuba nilipotoka nyumbani. Yeye alinipa penseli mbili zilizochongwa, akasema, "Umekosa somo la vivuli. Kaa karibu na dirisha."

Ndani ya basi alisimama akashika kiti. "Leo hamwendi kutazama picha zilizotundikwa. Mnaingia ndani ya kazi yenyewe. Ni nyumba. Mnaruhusiwa kugusa, kufungua droo, hata kukaa kitandani. Ninachoomba ni adabu tu."

"Na kulala, mwalimu?" akauliza Mnara, rafiki yangu. Mnara ni mrefu kiasi kwamba kwenye kitanda cha bweni miguu yake hulala nje kama wageni.

"Ukilala tunakuacha humo. Utakuwa sehemu ya maonyesho."

Tukacheka basi zima.

Msanii alikuwa amejenga nyumba nzima ndani ya ukumbi, kwa mbao na vitambaa. Unavua viatu, unapita mlangoni, na ukumbi unapotea. Sakafu ilikuwa ya vuguvugu. Jikoni mvuke ulipanda kutoka kwenye sufuria tupu. Chumbani godoro lilipumua, likipanda na kushuka polepole. Na kutoka jikoni hadi sebuleni ulipita ufa mmoja wa mwanga, ukipanda ukutani na kuvuka dari.

Mlangoni kulikuwa na maandishi. Niliyasoma yote, neno kwa neno, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua:

"Hii ni nyumba ya mama yangu. Kaka yangu aliondoka humu miaka kumi na mmoja iliyopita na hajarudi. Mama alikataa kuhama, ili akirudi amkute. Sasa nyumba imepasuka. Jumamosi hii mama anahama."

"Hadithi nzuri," nilimwambia Mnara.

Nilisema hadithi. Neno hilo bado linanikwama kooni.

Katika chumba cha yule kaka kulikuwa na redio ya kaseti. Unabonyeza, unasikia kijana anatangaza mechi ya mpira ambayo haipo. Yeye ndiye mtangazaji, yeye ndiye anayefunga bao, yeye ndiye mashabiki. Sauti yake ilikwaruza kidogo, na kicheko kilimtoka kabla hajamaliza sentensi. Kwa mbali mwanamke akaita, naye akajibu, "Nakuja, mamaa! Bado dakika za nyongeza!"

Niliisikiliza mara mbili. Kwa uhakika.

"Usithubutu," alisema Mnara.

"Sijasema kitu."

"Shavu lako limeshasema."

Kwenye korido ilikaa simu ya zamani, ile ya kuzungusha namba kwa kidole. Mhudumu wa jumba, mama mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, alitueleza. "Inua, zungumza na mtu unayemsubiri. Utakachosema kitatoka kwenye redio ya sebuleni baada ya dakika moja. Wapo wanaolia, kwa hiyo msisukumane."

Nikachungulia sebuleni kwanza. Nusu ya darasa letu ilikuwa humo, pamoja na kiranja wa bweni, ambaye ndiye aliyenitaja kwenye mambo ya spika. Kiranja huyu haogopi mwalimu wala mtihani, lakini haendi chooni peke yake umeme ukikatika. Alikuwa amesimama karibu kabisa na redio.

Nani angekataa? Watu wengi, naona sasa. Mimi sikuwa miongoni mwao.

Sebuleni pia kulikuwa na masanduku yaliyofungwa kamba, na karibu na mlango, juu ya kigoda, sanamu ya mwanamke mzee. Ilikuwa na shati la kiume magotini na sindano mkononi, kichwa kimeinamia upande wa redio. Mnara aliipungia mkono usoni. Haikupepesa.

"Wamefanya kazi," alisema kwa heshima. "Angalia, mpaka mishipa ya mikono wameweka."

Tukarudi kwenye korido. Mhudumu alikuwa ameitwa mlangoni. Nikainua simu, nikalegeza koo, nikamtafuta yule kijana mdomoni mwangu mpaka nikampata.

"Mama, ni mimi," nikasema. Nikaachia kicheko kidogo kama chake. "Usihame. Ukihama, mimi nitakukuta wapi?"

Nikaweka simu chini nikakimbilia sebuleni nisikose uhondo.

Uhondo ulikuja kama nilivyopanga. Redio ilikwaruza, sauti ikatoka, wasichana wakapiga yowe, kiranja akaruka akamkanyaga mwenzake. Mnara alicheka mpaka akashika ukuta wa kitambaa. Mimi nilisimama nimekunja mikono kama mtu asiyehusika.

Kisha ile sanamu ikasimama.

Shati lilianguka, sindano ikaning'inia kwenye uzi. Mwanamke mzee alipita katikati yetu kama hatupo, akaishika redio kwa mikono yote miwili.

"Sema tena," aliiambia. "Baba, sema tena."

Redio ilikwaruza tu.

Mhudumu aliingia mbio, nyuma yake mwanamke mwenye rangi kwenye vidole. Ndiye msanii. "Mama, ni wageni tu," alisema. "Watu wanaongea chochote. Nilikueleza."

"Mimi simjui mwanangu?"

"Mama, tafadhali."

"Nimemzaa, nimemlea, nimemnyoa nywele mwenyewe mpaka akawa na ndevu. Simjui?"

Tulitolewa haraka, tukavaa viatu vya watu wengine, tukarudi ndani ya basi. Nilikaa kiti cha nyuma. Mnara alipita, akanitazama, akaenda kukaa na kiranja.

Ndipo nilipoelewa kwamba mambo ni mabaya.

Jumatano ilipita bila neno. Nikaanza kujidanganya kwamba imekwisha. Nilikula, nilisoma, nilicheka palipostahili kucheka, lakini sikuiga sauti ya mtu, na bweni zima likaniuliza kama ninaumwa.

Alhamisi mwalimu wa sanaa aliingia darasani bila karatasi wala rangi. Akafunga mlango.

"Msanii amenipigia simu," alisema. "Mama yake amefungua masanduku yote. Vyombo amerudisha kabatini. Anasema hahami, mwanawe amemkataza."



"Ile nyumba mliyoiona ni ya kitambaa. Ya kweli ipo, na ufa wake ni wa kweli. Mafundi wameuwekea ule ukuta alama nyekundu. Wanasema mvua mbili kubwa, tatu zikizidi, unaanguka. Msanii alimbembeleza mama yake miezi minane mpaka akakubali. Kazi yote ile aliijenga ili mama apate mahali pa kuiagia nyumba yake taratibu, kila siku kwa saa mbili au tatu, mpaka aizoee kuiacha. Zilikuwa zimebaki siku nne." Alitutazama dawati kwa dawati. "Sasa mtu mmoja humu ndani ameongea kwenye simu. Namwomba asimame."

Nilitazama dawati langu. Kuna mtu alichonga juu yake neno MVUMILIVU, zamani sana. Nililisoma mara nyingi.

Sikusimama.

Mchana huo mvua ilinyesha. Haikuwa manyunyu. Ilipiga mabati ya bweni mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Wengine walifurahi kwamba gwaride limefutwa. Mimi nilikaa kitandani nikihesabu. Hii moja.

Mnara alikuja akasimama mbele yangu. Ilibidi apige kelele ili nimsikie, na ni ajabu mtu kukunong'oneza siri kwa kupiga kelele.

"Mimi sitakutaja!"

"Asante!"

"Usinishukuru! Sitakutaja, lakini usinisemeshe tena! Nilimpungia mkono usoni yule bibi! Nilidhani ni sanamu ya mti!"

Akaondoka. Nikagundua kwamba yeye, aliyecheka tu, alikuwa na uchungu kuliko mimi niliyesema.

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisi ya walimu. Mwalimu wa sanaa alikuwa peke yake, anaosha brashi kwenye kopo.

"Mwalimu, ni mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne, ndani ya basi. Ulikaa nyuma na hukuiga hata honi."

"Mbona hukunitaja?"

Aliitikisa brashi, akaiweka chini, akaichukua tena. "Nilitaka useme mwenyewe. Niliona ni jambo zuri, mwanafunzi kujisemea mwenyewe. Halafu jana mvua ikanyesha, mimi nimekaa hapa nasubiri ukomae." Alifuta mikono. "Kwa hiyo hatuko mbali sana, mimi na wewe."

Nilitamani angenichapa. Ningejua pa kuishika aibu.

"Mwalimu mkuu atanifukuza?"

"Hayo ni ya Jumatatu. Vaa sweta."

Nyumba ya kweli ilikuwa mwisho wa barabara ya kokoto, mahali mteremko unapoanza. Msanii alitusubiri getini. Alinitazama kuanzia viatu.

"Ni huyu? Huyu ni mtoto."

"Nina miaka kumi na sita," nikasema, kana kwamba hilo lilimsaidia mtu.

"Sikiliza. Usianze na samahani. Watu wakianza na samahani, mama huwasamehe haraka ili wanyamaze, halafu hasikii tena. Anza na ukweli. Samahani utaiomba ukibakiwa na muda."

Niliingia, na mwili wangu ukaijua nyumba kabla yangu. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye swichi. Miguu ilikata kushoto kukwepa kona ya kabati. Nilikuwa nimeshatembea humu, nikicheka. Tofauti ilikuwa moja tu: pale palipopita mwanga, hapa palikuwa wazi. Mkono wangu ungeingia kwenye ule ufa hadi kiwiko. Kupitia humo niliona shuka za jirani zinakauka. Pembeni ilichorwa alama nyekundu, na chini yake sakafu ilikuwa bado na maji ya jana.

Bibi alikuwa jikoni, anapangusa sahani moja moja na kuzirudisha kabatini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu, karibu. Vuteni viti, hivyo viwili ni vizima, hicho cha tatu kinataka imani."

Nikakaa kwenye cha tatu. Nilistahili.

"Bibi," nikaanza, "mimi nilikuwa mmoja wa wanafunzi wa Jumanne."

"Nakukumbuka. Mlikuwa wawili. Yule mrefu aliyenipungia mkono, mwambie namsalimu. Nilitaka kumpungia na mimi, lakini nilikuwa nasikiliza redio."

"Bibi, ile sauti iliyotoka kwenye redio ilikuwa yangu."

Alipangusa sahani. Akaitazama kwenye mwanga. Akaipangusa tena mahali palepale.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, bibi."

"Kakutuma huyu." Alimwelekeza binti yake kwa kidevu. "Miezi minane ananiambia nihame. Kaleta mafundi. Kaleta wajomba zake. Kanijengea nyumba ya vitambaa kama mwanasesere. Sasa mwanangu kanipigia, basi kaleta mtoto wa shule aseme ni yeye."

"Mama, sijamleta kudanganya," alisema msanii.

"Nyamaza kidogo, naongea na mgeni wangu." Akanigeukia, na ubaya ni kwamba uso wake ulikuwa wa upole. "Mjukuu, hukufanya vibaya. Mkubwa amekuomba, umetii. Lakini tazama: mwanangu ana sauti ya mwanamume. Wewe sauti yako ni ya kifaranga kilichoamshwa."

Mwalimu alikohoa. Siku nyingine yoyote ningeitunza sentensi hiyo maisha yangu yote.

"Naiga, bibi. Ndiyo kazi yangu mbaya. Nilisikiliza kaseti ya chumbani kwake mara mbili. Nilisoma maandishi ya mlangoni. Nilitaka kumtisha kiranja wetu. Nilidhani wewe ni sanamu."

"Sanamu."

"Ndiyo, bibi."

"Nimeambiwa mengi katika umri huu." Aliiweka sahani juu ya nyingine, taratibu, zisigongane. "Haya. Iga."

Katika namna zote za kukiri nilizopanga usiku kucha, sikuwa nimefikiria kwamba ataniambia hivyo.

"Bibi, pengine si lazima," alisema mwalimu.

"Ni lazima. Akishindwa, basi katumwa, na mimi nabaki hapa na ukuta wangu. Akiweza..." Alivuta kigoda, akakaa, akaweka mikono magotini. Akafumba macho.

Nilimtazama msanii. Aliitikia kwa kichwa, midomo imebanwa. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa anatazama ufa.

Kushindwa kulikuwa rahisi. Ningekohoa tu, nikasema sauti imegoma, na bibi angebaki na mwanawe, na ukuta, na wingu lililokuwa linajaa juu ya mteremko. Ningefanikiwa, angeokoka, na ningekuwa nimemuua mwanawe jikoni kwake, mchana kweupe, mbele ya dada yake.

Nikalegeza koo. Sikumtafuta sana safari hii. Alikuwa karibu, kama mtu aliyengoja nyuma ya mlango.

"Mama," nikasema. "Ni mimi."

Ilitoka nzuri. Mungu anisamehe, ilitoka nzuri kuliko ya Jumanne. Hata kile kicheko kilijileta chenyewe mwishoni, sikukiita.

Nilisubiri afumbue macho. Nilisubiri alie, au anizabe kofi, au aseme, kumbe ni wewe.

Hakufumbua. Uso wake ulilegea kuanzia paji mpaka kidevu, kama mtu aliyetua mzigo aliosahau kwamba ameubeba. Aliinua mkono mmoja, akaunyoosha hewani kuelekea kwangu, usawa wa mtu mrefu kuliko mimi.

"Umekula?" akauliza.



Mwalimu alinitikisia kichwa: usijibu, inatosha, rudi kwenye sauti yako. Nikafungua mdomo nifanye hivyo hasa. Lakini nyuma ya bibi msanii alikuwa ameinuka. Yeye aliyeniambia getini nianze na ukweli, machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni, na midomo yake ilikuwa inasema kitu bila sauti. Alikirudia mara tatu mpaka nikakisoma.

Mwambie ahame.

Juu ya paa tone la kwanza liligonga bati, kisha la pili.

"Nakuuliza, baba," alisema bibi, macho yamefumbwa, mkono bado hewani. "Umekula?"